Eti Japani Wanagawa Nyumba Bure! Haya, Sikilizeni Basi

Nimekuwa kimya humu karibu wiki tatu, mitihani ya muhula imenikaba koo, lakini leo vidole vimekataa kutulia. Na sababu ni nyie wenyewe.

Tangu Jumatatu nimetumiwa video ileile na watu saba. Wanne tuliomaliza nao sekondari, wawili wako vyuoni hapo Dar na Dodoma, wa saba ni shangazi yangu (shikamoo shangazi, najua unasoma). Mmeiona wote: nyumba ya mbao, vigae vyeusi, bahari nyuma yake, filimbi inalia kwa huzuni, halafu sauti inasema Japani ina nyumba milioni 9 hazina watu, serikali imechoka nazo inazigawa bure, fungasha uende ukachukue yako. Chini yake mmoja wenu akaandika: "Mwalimu, wewe si uko hukohuko, tushikie mbili za kuangalia bahari."

Tushikie mbili! Kama vile naenda sokoni kushika mafungu ya nyanya.

Sasa leo nina ugomvi na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni nyie mnaosambaza. Wa pili ni wenye nyumba na wakubwa wa huku, kwa sababu nyumba zipo kweli, zinaoza kweli, na ukienda kwa adabu zako zote kuomba kupanga, mlango unafungwa. Naanza na nyie, halafu ntahamia kwao. Chukueni chai.

Hiyo milioni 9 kwanza. Huku wanahesabu nyumba kila baada ya miaka mitano, na hesabu ya mwaka 2023 ilikuta takriban nyumba milioni 9 zisizo na mtu, yaani asilimia 13.8 ya nyumba zote. Namba ni ya kweli. Ila fungueni ndani yake. Takriban milioni 4.4 ni vyumba na nyumba zinazosubiri mpangaji, nyingi ni vyumba vya maghorofani, vimetangazwa, vina bei, vina dalali. Nyingine zinauzwa. Nyingine ni za mapumziko. Zinazobaki, zisizouzwa, zisizopangishwa, zisizotumika hata kwa likizo, ni takriban milioni 3.85. Hizo ndizo zenye kesi, na ndizo zenye vigae vyeusi na bahari nyuma.

Pili, hiyo "bure". Zipo nyumba za bei ya kutupwa, na zipo mpaka za yeni sifuri. Halmashauri nyingi zina orodha, wanaiita benki ya nyumba tupu, mwenye mali anaandikisha na anayetaka anaangalia. Na ni kweli mgeni anaruhusiwa kununua. Lakini siku unaposaini unaanza kulipa. Kuna gharama za kubadilisha jina kwenye hati, kuna kodi ya kupata mali, kuna kodi ya ardhi na jengo ya kila mwaka. Paa linavuja. Mchwa wamekula nguzo ya jikoni. Choo bado ni cha shimo, gari linakuja kunyonya. Kabati zimejaa magodoro na vyombo vya marehemu, na huku kutupa vitu vikubwa ni kwa kulipia. Mtu akikupa nyumba ya namna hiyo bure, amekupa deni lake ulibebe.

Tatu, na hili nalisema polepole kwa sababu ndilo linaloumiza watu: HATI YA NYUMBA SI VIZA. Unaweza kumiliki nyumba tano pwani ya Shikoku na usiruhusiwe kulala hata usiku mmoja humo kwa ajili ya hiyo hati. Uhamiaji wanataka kujua unasoma, unafanya kazi, au umeoa wapi. Nyumba haiwahusu. Kwa hiyo dogo wa mwaka wa kwanza anayepanga kuunganisha bumu na mchango wa ukoo anunue "kijumba Japani" halafu ahamie, mwambieni mapema kabla dalali wa mtandaoni hajamla.

Mtasema, sasa wewe unakasirika nini, video tu hiyo, watu wanacheka. Mbona mmesahau haraka hivyo? Agosti 2025, kwenye mkutano wa TICAD, shirika la JICA lilitangaza mpango wa kuipa miji minne ya Japani urafiki na nchi nne za Afrika. Nagai, mkoa wa Yamagata, ikapangiwa Tanzania, mji ambao ulikuwa mwenyeji wetu kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Kisarazu ikapangiwa Nigeria, Sanjo Ghana, Imabari Msumbiji. Ilikuwa ni mambo ya kubadilishana wageni na kusaidiana, basi. Jina la mpango lilikuwa na maana ya "mji wa nyumbani", na hapo ndipo sisi tulipopata pa kuchezea. Kwetu vikaandikwa vichwa vya habari kana kwamba Nagai imetolewa kwa Tanzania. Nigeria ikatoka taarifa ya serikali kuhusu viza maalumu, baadaye ikarekebishwa. Huku nako kukawaka moto: simu za malalamiko zikamiminika kwenye ofisi za ile miji, watu wakaandamana. Septemba 25, 2025, JICA wakaufuta mpango wote.

Wanaopinga wageni huku walikuwepo hata kabla yetu, siwezi kuwatetea. Lakini petroli tuliwapa sisi. Mimi wiki ile nilikuwa nikipanda basi naona watu wananiangalia kama nimekuja kupima viwanja. Kwa hiyo ukisambaza "Japani wanagawa nyumba", jua kuna mtu huku anaisoma kwa tafsiri ya mashine, na kesho yake Mtanzania anayetafuta chumba kwa pesa yake halali anakuta mlango umeshafungwa. Huyo Mtanzania ni mimi.

Haya, tumemalizana. Sasa nageuka huku.

Kwa wageni wa ukurasa huu: nasoma ualimu, mwaka wa tatu, mkoa wa Kochi, kisiwa cha Shikoku, upande unaotazama Bahari ya Pasifiki. Tangu mwaka jana, kila Jumatano naenda kujitolea kwenye shule ya msingi ya kijiji kimoja cha wavuvi, treni halafu basi. Shule ina watoto 11. Madarasa yamechanganywa, kwa sababu utaratibu wa huku ni kwamba madarasa mawili yakifikisha watoto 16 au pungufu kwa pamoja yanafundishwa na mwalimu mmoja (8, kama la kwanza limo). Mwalimu anafundisha hesabu za la tatu upande huu wa ubao, anageuka, anaendelea na la nne upande ule. Ni ufundi mtupu, siku nyingine ntawaandikia. Ila wote pale wanajua kengele inaweza kunyamaza mwaka wowote.

Mwakani nitakuwa na vipindi vya chuo siku mbili tu kwa wiki. Mimi na wenzangu wawili wa kitivo chetu, Mvietnamu na Mmongolia, tukasema: kwa nini tusipange nyumba kijijini? Tutafundisha watoto jioni, tutaandika tasnifu zetu, tutalipa pango. Barabara moja tu ya pale nimehesabu nyumba 14 zimefungwa. Kumi na nne! Nyie mnaobebana watu wanne kwenye kitanda cha hosteli mnaelewa nyumba 14 ni nini.

Ya kwanza ilikuwa kwenye orodha ya halmashauri: inauzwa tu, haipangishwi. Ya pili tulimpigia dalali. Alikuwa mchangamfu mpaka aliposikia majina yetu, akasema mwenye nyumba "ana wasiwasi na wageni". Hakuuliza tunalipa kiasi gani, hakuuliza mdhamini. Na hili wala si la kwetu peke yetu: utafiti wa Wizara ya Sheria yao wenyewe wa mwaka 2016 ulikuta karibu asilimia 40 ya wageni waliotafuta nyumba walishawahi kukataliwa kwa sababu tu ni wageni. Ya tatu ni ya familia moja inayoishi Osaka. Hawa walikuwa wastaarabu sana, walitujibu kwa barua. Wakasema: samahani, nyumba si tupu. Mle ndani kuna butsudan, madhabahu ya wazee wao, picha za babu na bibi zipo, na kila Agosti kwenye sikukuu ya Obon wanakuja siku tatu kufagia makaburi na kuwafukizia ubani.

Siku 3 kati ya 365.

Hapo sicheki, na nyie msicheke. Nani kati yetu angempangisha mtu baki nyumba ya babu yenye makaburi nyuma? Mzee wetu mmoja tu angekohoa kikao kikaisha. Lakini tuliwaandikia tena: fungeni chumba cha madhabahu, kaeni na ufunguo, Agosti tutawapisha. Wakajibu kwamba wanaogopa tukishaingia hatutatoka.

Hoja hiyo nimeisikia mara tatu sasa, kwa hiyo nimekaa maktaba nikaisoma. Na ndiyo maana naandika kwa hasira, kwa sababu majibu yapo kwenye vitabu vya sheria zao na yamekaa humo miaka.

Ni kweli kwamba mkataba wa kawaida wa upangaji huku unamlinda sana mpangaji. Muda ukiisha, mwenye nyumba hawezi kumtoa hivihivi, lazima awe na sababu nzito. Mzee wa miaka 70 akisikia hivyo anafunga nyumba. Lakini tangu Machi 2000 upo mkataba wa aina ya pili, wa muda maalumu. Unaandikwa, mpangaji anaelezwa mapema kwa maandishi kwamba hakuna kuongeza, siku ikifika anatoka. Miaka 25 na zaidi sheria ipo! Bado mtu anakuambia "hawatatoka".

Wanasema pia: warithi ni wengi, hatuwezi kukubaliana. Ndiyo, kuuza nyumba ya urithi kunahitaji wote wakubali, na mmoja yuko Tokyo hapokei simu. Lakini tangu Aprili 2023 Sheria ya Madai inasema kupangisha jengo kwa muda usiozidi miaka mitatu kunaamuliwa na wenye zaidi ya nusu ya hisa. Soma tena hapo. Kisheria kupangisha ni KURAHISI kuliko kuuza (Kiswahili changu kimekasirika, mnisamehe). Sasa mbona orodha ya halmashauri imejaa za kuuza tu?

Wanasema tena: nyumba ni mbovu, mwenye nyumba ndiye anapaswa kutengeneza, pesa hana. Sawa. Wizara ya Ardhi yao ilitoa mwongozo mwaka 2014 wa mikataba ambayo mpangaji anatengeneza mwenyewe kwa gharama yake, pango linakuwa la chini, na akiondoka hadaiwi kurudisha ukuta ulivyokuwa. Sisi watatu tuna mikono sita. Mmongolia wetu baba yake ni seremala.

Kwa hiyo kinachokosekana ni nini? Mimi nasema kinachokosekana ni msukumo. Angalia pesa inavyowasukuma. Kiwanja chenye nyumba kinapata punguzo: kwa mita za mraba 200 za kwanza, thamani inayotozwa kodi ya ardhi inahesabiwa sehemu 1 ya 6. Ukibomoa, punguzo limekwenda. Basi mtu anaacha gofu lisimame. Serikali ilipoona hatari ikatunga sheria, ikaanza kutumika kikamilifu Mei 2015, kwamba gofu la hatari likionywa lipoteze punguzo. Desemba 2023 wakaongeza: hata ile ambayo haijafikia hatari lakini imetelekezwa inaweza kupoteza. Aprili 2024 wakalazimisha warithi kuandikisha urithi ndani ya miaka mitatu, faini mpaka yeni 100,000. Vyote vizuri. Lakini vyote ni fimbo, na fimbo zote zinamchunga mwenye nyumba kuelekea kuuza au kubomoa. Ndani ya nyumba hizo hakuna mtoto aliyeongezeka shuleni kwa sababu ya faini.

Na hizo nyumba si takataka, jamani. Nendeni mkaone Kiragawa, mji mdogo ndani ya Muroto hukuhuku Kochi, uliotajirika kwa biashara ya makaa na tangu 1997 unalindwa na serikali. Kuta zina lipu nyeupe, na juu ya lipu wamepachika safu za vigae vidogo vimetokeza kama ngazi, mvua ya kimbunga ikipiga maji yanadondoka kabla hayajalowesha ukuta. Mbele kuna ukuta wa mawe ya mviringo wa kukata upepo. Aliyejenga alijua kimbunga kwa jina lake. Au nendeni Ine, mkoa wa Kyoto, nyumba kama 230 zimesimama mguu ndani ya maji, boti chini, watu juu. Na bado vitabu vya kodi vinahesabu kwamba nyumba ya kuishi ya mbao imekwisha thamani baada ya miaka 22! Nchi yenye hekalu la mbao la Horyuji lililosimama zaidi ya miaka 1,300! Mbao haiuawi na uzee. Inauawa na kufungiwa. Madirisha hayafunguliwi, unyevu unapanda, kigae kimoja kinahama na hakuna wa kupanda kukirudisha, mchwa wanapata kazi ya kudumu. Mpangaji anayefungua madirisha asubuhi na kulalamika paa linavuja ni mlinzi wa nyumba asiyelipwa. Tena anakulipa yeye.

Sasa wajuaji mtaniuliza kuhusu tetemeko. Mniulize, ni haki yenu, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Januari 1, 2024, rasi ya Noto ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.6. Wajima na Suzu nyumba za kale za mbao zilianguka, zaidi ya watu 200 walikufa moja kwa moja, wengi chini ya nyumba zao, siku ya mwaka mpya familia zimekusanyika. Nyumba zilizojengwa kabla ya kanuni za Juni 1981 ndizo za kuogopwa zaidi, na nyumba ninazozungumzia nyingi ni za kabla ya hapo. Huku Kochi tetemeko kubwa la mwisho la bonde la Nankai lilikuwa Desemba 1946, na kila mtu anajua litarudi. Mji wa Kuroshio, pwani hiihii, uliambiwa mwaka 2012 kwamba katika hali mbaya kabisa wimbi linaweza kufika mita 34. Mita 34, wadau. Agosti 2024 ilipotolewa tahadhari ya kwanza ya tetemeko kubwa, hosteli yetu tulilala na viatu pembeni ya kitanda.

Kwa hiyo sisemi kila nyumba ipangishwe. Iliyo ufukweni kabisa, isiyo na njia ya kupanda mlimani, ibomolewe na waache kuiweka kwenye video zenye filimbi. Inayobaki ipimwe na fundi, ifungwe vyuma na mbao za kukaza, hapo ndipo pesa ya serikali iende. Lakini anayesema "ni hatari, basi tuifunge" hajaondoa hatari. Nyumba iliyofungwa itaanguka hivyohivyo, na itaangukia njia ambayo bibi jirani anakimbilia kwenda juu. Aliye ndani yake anaweza kuikaza. Tena anaweza kumbeba huyo bibi.

Halafu nimalizie na linaloniuma mimi kama mwalimu mtarajiwa. Kati ya mwaka wa masomo 2002 na 2020, Japani ilifunga shule za umma 8,580. Muroto wameigeuza shule moja ya msingi kuwa hifadhi ya samaki, ilifunguliwa 2018, papa na kasa wanaogelea kwenye bwawa la watoto. Nimeenda, ni mahali pazuri, nimecheka, nimepiga picha. Lakini nilipoona samaki kwenye masinki ambayo watoto walikuwa wananawia mikono, nilitoka nje kidogo.

Wakubwa wanasema shule imefungwa kwa sababu hakuna watoto. Wazazi wanasema hatuhamii kwa sababu hakuna shule. Kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na katikati yao kuna nyumba 14 zina makufuli. Tuliofanya kozi ya mipango ya elimu tunajua: ukiwa na shule ya watoto 11, familia moja yenye watoto wawili si takwimu ndogo. Inaweza kuamua mwalimu wa pili anabaki au anaondoka. Na familia changa haiji kununua gofu kijijini ambako haijalala hata wiki. Inakuja kupanga. Inaonja majira ya baridi kwenye nyumba isiyo na kitu cha kuzuia ubaridi ukutani, inaonja vikao vya mtaa na zamu ya kuzibua mitaro Jumapili asubuhi, ikipenda inabaki. Ukiuza tu bila kupangisha, umemwambia mtu aoe kabla ya kuonana.

Na msiniambie haiwezekani. Mji wa Ama, visiwa vya Oki, mkoa wa Shimane, sekondari yao ya juu ilikuwa inakaribia kufungwa. Mwaka 2008 ilikuwa na wanafunzi wasiofika 90. Wakaamua kuifanya shule iwe sababu ya kuja kisiwani, wakapokea wanafunzi kutoka mikoa mingine, wakawapa malazi. Ndani ya miaka kama kumi idadi ilikaribia maradufu. Walianza na swali la nani ataishi hapa na atalala wapi. Wengine wanaanza na swali la nani atanunua.

Wengine wataniambia nyumba hizi zigeuzwe za kulaza watalii. Ziwepo, sikatai, Ine zipo. Lakini mtalii hana mtoto wa darasa la tatu, na zamu ya mitaro ikifika ameshapanda treni.

Basi madai yangu ni haya, nayaandika kwa namba ili msiseme nilizungukazunguka:

1. Wenye nyumba: kama mnakuja siku tatu kwa mwaka, pangisheni siku nyingine 362. Mkataba wa muda maalumu, miaka mitatu, chumba cha wazee kifungwe kwa heshima. Wazee wenyewe nadhani wangependa kusikia mtu anapika.

2. Halmashauri: orodha yenu iwe na safu ya kupanga, na nyie msimame kama wadhamini. Mnaogopa nini kumdhamini mtu ambaye shule yenu inamwita mwalimu?

3. Serikali: mnajua kumwadhibu anayetelekeza. Mpeni basi nafuu anayepangisha na kukaza nyumba.

4. Madalali: ulizeni pango kwanza, jina baadaye.

5. Nyie: mkipata tena ile video, msinitumie. Mjibuni aliyewatumia kwamba nyumba ya bure haipo, na kwamba kuna vijana watatu pwani ya Kochi wana pesa ya kodi mkononi na wamekosa pa kulala.

Barua ya tatu kwa wale wa Osaka nimeiposti jana asubuhi. Safari hii nimeambatanisha vifungu vya sheria, na barua ya mwalimu mkuu yenye mhuri mwekundu. Wakijibu ntawaambia.

Mwenye hoja aje na hoja, nafasi iko hapo chini. Mwenye video abaki nayo.